Nyumba za Fundi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kazi yangu, tena akaniomba nisizidishe nusu saa. Ombi la kwanza ni rahisi. Hilo la pili nitajitahidi, ingawa wale tuliolala bweni moja wananijua.

Kazi yangu ni useremala. Niliuanza katika karakana ile pale nyuma ya maabara, nikaendelea nao Dar es Salaam, na baadaye kwa miaka tisa nilifanya kazi ya kutengeneza nyumba za zamani katika mji wa Pasadena, jimbo la California, Marekani. Nyingi ya nyumba hizo ni za mtindo uitwao Craftsman. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni fundi stadi, kwa hiyo mniruhusu niziite nyumba za fundi. Nataka kueleza ni nyumba za namna gani, zilitokana na mawazo gani, na kwa nini naona kwamba habari zake zinatuhusu sisi, hasa kwa sababu ya jambo moja lililo katika ajenda ya mkutano wetu wa mchana.

Nyumba yenyewe

Tuanze nje. Nyumba ya fundi haina majivuno. Aghalabu ni ya ghorofa moja, au moja na nusu, na paa lake lina mwinamo mdogo. Upenu wake ni mpana sana. Hutokeza mbele ya ukuta kiasi cha kutia kivuli madirishani wakati wa jua na kuzuia mvua isilowanishe mbao za ukutani. Katika nyumba nyingine ncha za mapau hufichwa kwa ubao. Katika nyumba hii ncha zimeachwa wazi, zimekatwa kwa uangalifu na kulainishwa, ili mpita njia aone ni kitu gani kinachobeba paa.

Mbele kuna baraza pana la kukaa watu. Paa la baraza hubebwa na nguzo nene, mara nyingi pana chini na nyembamba juu, zilizosimama juu ya misingi ya mawe au matofali. Pasadena mawe hayo yalikuwa ya mviringo, yaliyolainishwa na maji katika bonde la mto liitwalo Arroyo Seco. Pamoja nayo walijengea matofali yaliyoungua kupita kiasi tanuruni, yaliyopindika na kuwa meusi. Wajenzi wengine walikuwa wakiyatupa matofali hayo. Hawa waliyachagua kwa ajili ya rangi na umbo lake.

Ukifungua mlango unaingia moja kwa moja sebuleni. Hakuna ujia mrefu wa giza. Sebule na chumba cha kulia hutengwa kwa kabati fupi tu na nguzo mbili, hata mama aliye mezani aweza kuzungumza na mtoto aliye karibu na meko. Meko ndiyo moyo wa nyumba, kwa sababu kule kuna majira ya baridi. Kandokando yake kuna rafu za vitabu zilizojengwa ukutani. Chini ya dirisha kuna kiti kilichojengwa papo hapo, na ukiinua kifuniko chake unakuta sanduku la kuwekea mablanketi. Familia changa isiyo na fedha za kununulia samani ilihamia ikakuta nusu ya samani zake zimekwisha kuwamo.

Mbao za ndani hazikupakwa rangi nzito. Zilitiwa mafuta au dawa ya kuzikoleza tu, ili nyuzi za mti zionekane. Na viungo havikufichwa. Ulimi wa ubao mmoja ulipitishwa katika tundu la ubao mwingine mpaka ukatokeza upande wa pili, ukakazwa kwa kabari. Vijana wanaojua randa na patasi watanielewa nikisema kwamba kazi ya namna hiyo haina pa kujificha. Kiungo kilichofichwa waweza kukitia misumari na gundi, ukajaza unga wa mbao na kupaka rangi, na mwenye nyumba asijue mpaka miaka mitano ipite. Kiungo kilicho wazi kinakusema siku ile ile.

Mawazo yalikotoka

Mawazo hayo yalianzia Uingereza, wakati viwanda vilipokuwa vimeenea kila mahali. John Ruskin, katika kitabu chake juu ya majengo ya Venice kilichotoka kati ya mwaka 1851 na 1853, alishika neno moja akalirudia: ukimfanya mtu arudie kitendo kimoja kidogo mchana kutwa, bila ya kufikiri wala kuchagua, umemgawanya mtu mwenyewe, wala si kazi tu. William Morris alilisoma neno hilo akiwa kijana wa chuo, akaamua kuliishi. Rafiki yake Philip Webb alimsanifia nyumba ya matofali mekundu huko Bexleyheath, iliyokwisha mwaka 1860, na mwaka uliofuata Morris na wenzake wakaanzisha kampuni ya kutengeneza samani, vioo vya rangi, vitambaa na karatasi za ukutani kwa ufundi wa mkono.

Lakini Morris aligongana na tatizo ambalo hakuliweza mpaka alipofariki mwaka 1896. Kitu kilichotengenezwa vizuri kwa mkono huchukua siku nyingi, na fundi aliyelipwa haki yake hufanya bei ipande. Kwa hiyo yeye, mtu aliyetaka uzuri umfikie kila mfanyakazi, alijikuta akizipamba nyumba za matajiri. Jambo hilo lilimuuma sana. Naomba mlikumbuke tatizo hili, maana lote nitakalolisema baadaye ni juhudi za watu kulitatua.

Huko Marekani aliyelichukua suala hilo ni Gustav Stickley, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1858, mtoto wa mwashi. Ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha viti cha mjomba wake. Oktoba 1901, huko Syracuse katika jimbo la New York, alitoa gazeti lililoitwa The Craftsman. Toleo la kwanza lilikuwa juu ya Morris, la pili juu ya Ruskin. Gazeti hilo ndilo lililoupa mtindo jina lake. Ndani yake zilichapishwa ramani za nyumba, na msomaji aliyelipa ada ya gazeti aliweza kuandika na kuletewa ramani kamili, akampelekea fundi wa mtaani kwake ajenge.

Samani za Stickley zilikuwa za mwaloni mweupe. Gogo lilipasuliwa kwanza robo robo kabla ya kutolewa mbao, kwa kuwa ubao wa namna hiyo haupindiki upesi na huonyesha michirizi mizuri ya mti. Kisha samani iliwekwa katika chumba kilichofungwa pamoja na amonia. Mvuke wake hukutana na tindikali iliyomo ndani ya mwaloni, na mti hugeuka rangi kuwa wa kahawia iliyokolea bila ya kupakwa kitu. Wanafunzi wa kemia waulizeni walimu wenu, hilo ni somo zima. Samani zake zilipigwa chapa ya bikari ya seremala yenye maneno ya Kiflemi yasemayo kwamba nafanya kadiri niwezavyo.

Tena Stickley hakuichukia mashine. Kiwanda chake kilikuwa nazo. Yeye alisema mashine ifanye kazi nzito ya kupasua na kulainisha, isiyo na furaha yoyote, ili fundi abakiwe na muda wa ile inayohitaji jicho lake.

Jambo moja zaidi juu yake. Mwaka 1908 alianza kununua shamba katika jimbo la New Jersey, akalipa jina la Craftsman Farms. Nia yake ilikuwa kujenga hapo shule ya wavulana, wajifunze kwa vitabu na kwa mikono pamoja. Alijenga nyumba kubwa ya magogo. Shule haikufunguliwa. Mwaka 1913 alihamia katika jengo la ghorofa 12 jijini New York, mtaji ukamwishia, na mwaka 1915 akafilisika. Gazeti lilikoma Desemba 1916. Aliishi mpaka 1942, katika nyumba ya binti yake huko Syracuse, bila ya biashara yake.

Ndugu wawili na shule yao

Hata hivyo shule ya namna aliyoitamani Stickley ilikuwapo mahali pengine, na matunda yake nimeyashika kwa mikono yangu. Mwaka 1880 Profesa Calvin Woodward alifungua katika mji wa St. Louis shule ya sekondari ambamo mwanafunzi alisoma hesabu, sayansi na lugha, na siku hiyo hiyo akaingia karakani kufanya kazi za mbao, za chuma na za kuchora ramani. Lengo halikuwa kutoa maseremala tu. Woodward aliamini kwamba akili isiyopita mkononi haijatimia. Miongoni mwa waliosoma hapo walikuwa ndugu wawili, Charles na Henry Greene. Baadaye walisomea usanifu wa majengo Boston, na mwaka 1893 wakaenda Pasadena kwa wazazi wao.

Ndugu hao walijenga nyumba nzuri kuliko zote za mtindo huu. Iliyo maarufu zaidi ilijengwa mwaka 1908 kwa ajili ya David na Mary Gamble, wa familia ya kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble. Ndani yake mna mbao za msaji, mkangazi, mwerezi na mwaloni. Ngazi yake ni kama samani. Viungo vyake vinaonekana vyote, na kila pembe imeviringwa kidogo hata mkono usipate mahali pa kukwama. Ghorofani mna baraza za kulala nje wakati wa joto. Akina Greene walipenda sana useremala wa Kijapani, na utauona katika kila boriti.

Lakini angalieni: hiyo ni nyumba ya tajiri. Tatizo la Morris lilikuwa pale pale.

Nyumba kwa reli

Aliyelitatua kwa kiasi fulani hakuwa msanifu, bali mfanyabiashara wa mbao. Nyumba ndogo za mtindo huu ziliitwa bangalo. Neno hilo lilitoka Bengal huko India. Waingereza walilichukua pamoja na umbo la nyumba ya chini yenye baraza, wakalieneza katika makoloni yao. Ndiyo maana hata huku kwetu nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni ziliitwa hivyo. California neno hilo hilo likawa jina la nyumba ya mfanyakazi.

Kuanzia mwaka 1908 mpaka 1940 kampuni ya Sears, Roebuck iliuza nyumba kwa barua. Mtu alichagua picha katika kitabu cha bidhaa, akapeleka fedha, na vifaa vikamjia kwa reli. Miaka michache baadaye mbao zilikuwa zikikatwa kiwandani kwa kipimo kamili, kila ubao umetiwa nambari yake, pamoja na misumari, madirisha, rangi na kitabu cha maelekezo. Inakadiriwa kwamba Sears iliuza nyumba 70,000 hadi 75,000 za mitindo mbalimbali, na bangalo za fundi zilikuwa nyingi kati yake. Karani, dereva wa treni, mwalimu, walipata nyumba yenye baraza, meko na rafu za vitabu. Wengine walijijengea wenyewe wakisaidiwa na shemeji na jirani.

Nimezifungua kuta za nyumba za namna hiyo. Nyingi ni za mbao nzuri, zimenyooka baada ya miaka 100. Basi mashine imechangia, hatuwezi kukana. Lakini mashine ilikata tu kile ambacho mtu aliyejua mbao alikuwa amekwisha kukipima.

Nisiwafiche upande mwingine. Sears iliwakopesha wateja fedha za kujengea, na wakati wa shida kuu ya uchumi ya miaka ya 1930 wengi walishindwa kulipa wakanyang'anywa nyumba zao. Tena katika mitaa mingi ya California hati za viwanja ziliandikwa sharti kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu asiye mzungu. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba masharti hayo hayawezi kulazimishwa mahakamani, na ubaguzi wenyewe katika kuuza nyumba ukakatazwa na sheria ya mwaka 1968. Nilipokuwa nimepiga magoti nikirandisha ubao wa mlango mmoja, mwenye nyumba, mzee mweusi, alinionyesha hati ya zamani ya mtaa wake yenye maneno hayo. Aliitunza, akaitia katika fremu, akaitundika sebuleni. Falsafa ilisema nyumba njema kwa kila mtu. Hati ilisema kwa baadhi. Kazi nzuri ya mikono haimfanyi mwenye kuimiliki awe mwadilifu.

Kuachwa, kuokolewa na moto

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza fasheni iligeuka. Watu walizipaka rangi nyeupe mbao za mwaloni na kubomoa rafu za ukutani. Nyumba ya Gamble iliponea chupuchupu. Inasimuliwa kwamba familia ilikuwa ikifikiria kuiuza, mnunuzi mmoja akataja kupaka rangi nyeupe mbao za ndani, basi wakaghairi. Mwaka 1966 waliikabidhi kwa mji wa Pasadena na Chuo Kikuu cha Southern California, na leo watu huitembelea. Mwaka 1989 wakazi wa mtaa wenye bangalo mamia kadhaa mjini humo walifanikiwa kuufanya uwe eneo la kuhifadhiwa. Hapo ndipo wengi wetu tulipopata kazi, maana nyumba zilikuwa tele na mafundi wa kuzitengeneza walikuwa wachache.

Halafu, tarehe 7 Januari 1925 isingeweza kuleta habari mbaya kama ile ya tarehe 7 Januari 2025. Siku hiyo moto uliotokea milimani juu ya Altadena, jirani na Pasadena, uliteremka ukisukumwa na upepo mkali. Uliua watu na kuteketeza majengo zaidi ya 9,000, yakiwamo bangalo nyingi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za familia za watu weusi walioanza kununua huko sheria zilipolegea. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Picha nilizoletewa zilionyesha majivu, na juu ya majivu mabomba ya moshi yamesimama peke yake.

Katika meko za mabomba hayo mlikuwa na vigae vya Ernest Batchelder. Huyu alikuwa mwalimu wa sanaa za mikono katika taasisi ya Throop huko Pasadena, kisha akaanza kuchoma vigae katika tanuru uani kwake. Vigae vyake vilikuwa vimekwisha kupita motoni mara moja, basi moto wa pili haukuviweza. Kabla ya matingatinga kufika, watu wa kujitolea na mafundi waashi walikwenda nyumba kwa nyumba, wakavibandua kimoja kimoja kwa patasi, wakavipa alama na kuwarudishia wenyewe. Mtu aliyepoteza kila kitu akarudishiwa meko yake ndani ya sanduku. Kazi hiyo haikuweza kufanywa na mtu asiyejua chokaa inavyoshika na inavyoachia.

Na taasisi ile ya Throop, iliyoanza mwaka 1891 kwa kufundisha kazi za mikono, mnaijua kwa jina jingine. Tangu mwaka 1920 inaitwa Caltech, na ni miongoni mwa vyuo vikuu vya sayansi vinavyoheshimiwa kuliko vyote duniani. Nalisema hili kwa wazazi wanaonung'unika kwamba mtoto hakupelekwa sekondari kwenda kushika randa.

Jambo la mchana

Ndugu Mwenyekiti, karakana yetu imefungwa kwa miaka sita, tangu mwalimu wa mwisho wa ufundi alipostaafu. Jana niliomba ufunguo nikaingia na mtunza stoo. Kati ya jiriwa 20, tulizijaribu zote, 14 zinafanya kazi. Benchi ni nzima isipokuwa mbili zilizoliwa na mchwa. Randa na patasi zina kutu, lakini kutu hiyo haijaingia ndani. Vijana wanne na jiwe la kunolea wataimaliza kwa Jumamosi tatu. Msumeno wa mashine ndio uliokufa kabisa.

Ajenda ya mchana inasema fedha tulizochanga zijenge lango kubwa la shule, lenye herufi za shaba na nembo. Sina ugomvi na lango. Lakini wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mgeni atakayepita chini ya herufi zile za shaba atamkuta ndani kijana wa kidato cha nne aliyefaulu hesabu za pembe, ambaye hajawahi kukata pembe moja katika ubao akaona kama imekaa. Na siku kenchi la bweni litakapoanza kulegea, tutatangaza zabuni.

Sisemi shule iwatoe maseremala wote. Akina Greene hawakuwa maseremala, walikuwa wasanifu. Lakini fundi hakuweza kuwadanganya, nao hawakumwagiza fundi jambo lisilowezekana. Daktari, hakimu na mhasibu waliowahi kuharibu ubao na kuanza upya watamheshimu zaidi mtu anayewajengea nyumba, na watamlipa bila ya kumzungusha.

Basi pendekezo langu ni hili. Fedha za mwaka huu zirudishe karakana: umeme, paa upande wa mashariki, msumeno mmoja, na posho ya mwalimu kwa mihula miwili. Mimi mwenyewe najitolea kufundisha kila Jumamosi katika mihula hiyo, bila ya malipo. Mwaka wa pili tutengeneze lango, na litengenezwe na wanafunzi, kwa mbao za mninga, viungo vikiwa wazi vyote, ili kila apitaye aone kama shule hii inajua kazi au haijui.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.